Mtoto Analia Ndani ya Ndege: Kutambua Sababu na Kujua la Kufanya

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu bado hana maneno ya kukuambia kwamba sikio linamuuma, tumbo limejaa gesi au amechoka kukaa. Ana kilio kwa mambo yote hayo. Mkiwa ndani ya ndege, huku abiria wakigeuza shingo, ni rahisi mzazi kupapatika akatoa chupa, biskuti, simu na mdoli ndani ya dakika tano, na mtoto akazidi kulia. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina kazi yake, ila vimetolewa kabla sababu haijajulikana.

Kwa hiyo kabla hujafungua begi, jiulize mambo matatu. Kilio kimeanza wakati gani: mkiwa bado chini, ndege ikipaa, ikiwa imetulia angani, au ikishuka? Mikono ya mtoto iko wapi: sikioni, machoni, tumboni, au kwenye mkanda? Na mara ya mwisho alikula, alilala na kubadilishwa nepi saa ngapi? Mimi huanza na swali la kwanza, kwa sababu kila hatua ya safari ina usumbufu wake, na saa ya kilio huondoa nusu ya mashaka.

Analia ghafla ndege inaposhuka, anashika au kuvuta masikio

Hili ndilo tatizo linalotesa watoto wengi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wazazi wengi hujiandaa kwa ajili ya kupaa, chupa ikamalizika mapema, kumbe maumivu makali huja wakati wa kushuka.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na sehemu ya nyuma ya pua na koo kwa mrija mwembamba. Ndege ikipaa, shinikizo la hewa ndani ya kabini hupungua, na hewa iliyo ndani ya sikio hutoka yenyewe kupitia mrija huo bila taabu kubwa. Ikishuka, mambo hugeuka: shinikizo la nje linaongezeka, ngoma inavutwa kwa ndani, na mrija hubaki umebana mpaka misuli ya koo iufungue. Misuli hiyo hufanya kazi mtu anapomeza au kupiga miayo. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba na umelala kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba upesi, hasa akiwa na mafua.

Dawa yake ni kumeza, mara nyingi na kwa wakati. Ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, mapema kuliko watu wanavyodhani, na pengine tangazo la kufunga mikanda huja baada ya shinikizo kuanza kubadilika. Usisubiri tangazo. Sikiliza injini: mlio wake ukipungua na pua ya ndege ikainama kidogo, au masikio yako mwenyewe yakianza kuziba, toa maji, maziwa au nyonyesha. Mpe kidogo kidogo ili kinywaji kifike hadi chini. Mtoto akimaliza kikombe kizima katika dakika tano za mwanzo, dakika ishirini na tano zilizobaki hana cha kumeza. Kikombe cha mrija ni kizuri kwa sababu kila mfyonzo mmoja ni mmezo mmoja. Chuchu bandia nayo inasaidia kwa anayeitumia.

Usimpe pipi ngumu wala bazoka. Watu wazima wanazitumia, na jirani mwema anaweza kukupa moja kwa nia njema, lakini mtoto wa umri huu anaweza kukabwa nazo, tena mahali ambapo ndege inayumba na kila mtu amefungwa mkanda.

Vipi akiwa amelala? Anayelala humeza mara chache, kwa hiyo anaweza kuamka katikati ya maumivu. Mwenye mafua ningemwamsha taratibu mwanzoni mwa mshuko nikampa kinywaji. Asiye na mafua, aliyelala fofofo na ambaye hajawahi kusumbuliwa na masikio, ni uamuzi wako. Chupa iwe mkononi tu.

Ikiwa tayari analia, jipe moyo kwa jambo moja: kulia kwenyewe, kwa jinsi kunavyopanua koo na kumfanya ameze mate, husaidia kufungua mrija. Mshike wima kifuani, mpe kinywaji kila anapovuta pumzi, na ujue kwamba kilio hiki kwa kawaida huisha muda mfupi baada ya kutua.

Mafua yanahitaji maandalizi ya siku chache kabla. Matone ya maji ya chumvi ya puani yanalainisha kamasi na ni salama. Dawa za kukausha au kuzibua pua si za kumpa mtoto mdogo bila daktari. Akiwa na maambukizi ya sikio au homa, mpeleke akachunguzwe kabla ya siku ya safari, na hapo hapo uliza kama anafaa kupewa dawa ya maumivu kabla ya mshuko na kwa kipimo gani, maana kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake.

Anajinyonganyonga, anajikunja kama upinde, hataki mkanda

Tazama kwanza kama kilio kilianza mkanda ulipofungwa au kabla yake. Kikianza papo hapo, sababu ni kuzuiwa. Mtoto aliyejua kutembea juzijuzi anataka kutembea, na mara nyingi ameshafungwa kwenye gari, akabebwa kwenye foleni za ukaguzi, akakalishwa kwenye geti, kisha sasa anafungwa tena. Hasira yake ina haki, ila mkanda hauna mjadala.

Sehemu kubwa ya tatizo hili inatatuliwa kabla ya kuingia ndani. Familia zenye watoto huitwa kupanda mwanzo, na wengi hukimbilia nafasi hiyo. Mkiwa watu wazima wawili, ni afadhali mmoja apande mapema na mabegi yote, na mwingine abaki nje akimkimbiza mtoto mpaka abiria wa mwisho mwisho. Hapo mtapunguza muda wa kukaa bure ndani ya ndege isiyoenda popote, tena ni ule muda mgumu ambapo kiyoyozi hakijashika vizuri na watu wanasukumana kwenye njia.

Ndani, mpe yeye kazi ya kufunga. Klipu ya mkanda wa ndege inafunguka kwa kuinua kifuniko, na mtoto akigundua siri hiyo hataiacha. Aingize ulimi wa mkanda mwenyewe, asikie ukilia, umsifu, kisha mkono wake upewe kitu kingine cha kufungua na kufunga: pochi yenye zipu, kikopo chenye mfuniko, kibeti chenye vifungo. Ukimfunika blanketi, mkanda uwe juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kumwamsha.

Kama umri wake haujafika miaka 2, mashirika mengi yanaruhusu akae mapajani. Ni nafuu ya nauli, lakini mikono ya mzazi haiwezi kumshikilia mtoto ndege inapodondoka ghafla kwenye msukosuko mkali wa hewa, na mamlaka za usafiri wa anga, ikiwemo FAA ya Marekani, zinahimiza mtoto awe na kiti chake na kifaa cha kumzuia kinacholingana na uzito wake. Kuna faida nyingine ambayo wazazi huigundua baadaye: mtoto aliyezoea kiti chake cha gari humo ndimo anapotulia na kulala. Hakikisha kina lebo inayosema kimeidhinishwa kutumika ndani ya ndege, pima upana wake, na ulizia shirika lenu mapema. Mara nyingi kitawekwa dirishani, kisizuie njia ya wengine kutoka.

Akiwa na miaka 2 kamili siku ya safari, kiti ni lazima. Wazazi wengine hunaswa hapa: mtoto anakwenda akiwa hajatimiza miaka 2 na siku ya kurudi ameshatimiza. Tazama tarehe zote mbili unapokata tiketi.

Anapiga mateke kiti cha mbele

Tatizo hili huonekana kama utukutu, lakini chanzo chake ni umbo la kiti. Mapaja ya mtoto hayafiki ukingo wa kiti, kwa hiyo magoti hayawezi kukunjika na miguu imenyooka mbele, nyayo zikiwa zimekaribia kabisa kugusa mgongo wa mtu. Kila akijinyoosha, anapiga. Kumkemea hakutarefusha mapaja yake.

Mvue viatu mapema. Mguu wenye soksi hauumizi sana wala hautoi kishindo. Mkunje miguu akae kama wanavyokaa watoto mkekani. Mkisafiri wengi, chagueni viti ili anayekaa mbele ya mtoto awe mmoja wenu. Na meza ya kukunja ifungwe wakati haitumiki, kwa sababu kuifungua na kuifunga kunamtikisa mtu wa mbele kuliko mateke yenyewe.

Anakunja magoti, tumbo limejaa, au amepauka na kunyamaza ghafla

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa mbali.

La kwanza ni gesi. Kabini hailindi shinikizo la usawa wa bahari. Huwekwa kama vile mko kwenye mlima wa hadi takriban mita 2,400. Katika shinikizo hilo hewa iliyo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja. Mtu mzima hulegeza mkanda wa suruali na kuendelea. Mtoto aliyefungwa nepi ya kubana, akiwa amekunywa soda au juisi nyingi kwenye geti, analia. Kilio hiki huanza ndege ikiwa inapanda au muda mfupi baada ya kufika juu, na masikio hayagusi. Legeza nepi na lastiki ya suruali, msimamishe mapajani kwako, msugue tumbo taratibu, na ishara ya mikanda ikizimwa mtembeze. Vinywaji vyenye gesi viachwe kabisa siku hiyo.

La pili ni kichefuchefu cha safari. Hakiwapati sana walio chini ya miaka 2; kuanzia hapo huongezeka. Hutanguliwa na ukimya: mtoto aliyekuwa akicheza anaacha, anapauka, anapiga miayo, mate yanamjaa, anakataa hata biskuti anayoipenda. Ukiona hivyo ondoa kitabu na skrini mara moja, mwelekeze atazame mbali nje ya dirisha, fungua tundu la hewa juu yake, na utoe mfuko wa kutapikia kutoka mfuko wa kiti kabla hujauhitaji. Kwa mtoto unayejua kwamba huchafukwa hata kwenye gari, omba viti karibu na bawa, ambako ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani. Nguo za kubadilisha ziwe za mtoto na fulana moja ya kwako pia.

Analalamika mfululizo, midomo imekauka, nepi haijalowa kwa muda mrefu

Ana kiu. Hewa ya kabini ni kavu sana, mara nyingi unyevunyevu wake haufiki asilimia 20, na mtoto mdogo haombi maji mpaka awe ameshachelewa. Mpe maji kidogo kila mara badala ya kungoja mhudumu apite na toroli. Sheria ya ukaguzi inayozuia vinywaji vinavyozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, iliyoanza mwaka 2006, kwa kawaida ina msamaha kwa maziwa na chakula cha mtoto kinachohitajika safarini; vitangaze mwenyewe kwenye ukaguzi, viwe pamoja kwenye mfuko mmoja, na uache muda kidogo kwa ajili ya kupimwa.

Kikombe cha mrija chenye vali kikifunguliwa angani kinaweza kurusha maji usoni, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani yake tangu ardhini imetanuka. Kifungue taratibu ukiwa umekifunika kwa kitambaa, au legeza mfuniko kwanza.

Chakula kiwe kile anachokijua. Ndani ya ndege si mahali pa kumjaribisha chakula kipya, kwani akipata mzio msaada wa hospitali uko mbali. Zabibu zikatwe kwa urefu, na njugu na bisi ziachwe nyumbani.

Anasugua macho, anacheka na kulia kwa pamoja, lakini halali

Huyu amechoka kupita kiasi. Usingizi ulikuja, ukakuta taa, matangazo na mtu wa kucheza naye, ukapita. Wengi hapo huongeza michezo ili anyamaze, na kila mchezo mpya unasogeza usingizi mbali zaidi.

Punguza kila kitu. Shusha pazia la dirisha, ondoa skrini, mbadilishe nepi, mvike nguo za kulalia, kisha fuata mpangilio uleule wa nyumbani kwa utaratibu uleule: kitambaa chake, kitabu chake, wimbo wake kwa sauti ya chini karibu na sikio. Usione haya kuimba. Mlio wa injini unaficha sauti yako, na mtoto hahitaji zaidi ya kuisikia yeye.

Suala la kumpa dawa ya mzio au ya kikohozi ili asinzie linarudi kila mara, pengine hata kutoka kwa ndugu wanaokupenda. Msimamo wangu ni kwamba usimpe. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zinaweza kupunguza kasi ya kupumua kwa mtoto mdogo, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume kabisa, akawa macho na mwenye fujo kwa saa kadhaa.

Mnapokata tiketi, safari fupi ni bora iwe asubuhi, mtoto akiwa ametoka kulala. Safari ndefu iangukie usiku kama inawezekana. Vitanda vidogo vinavyofungwa ukutani kwenye safu ya mbele vina kikomo cha uzito, mara nyingi karibu na kilo 10, kwa hiyo mtoto anayetembea huenda ameshavipita. Safu hiyo ina nafasi ya kusimama, lakini mikono ya viti hainyanyuki na mabegi yote lazima yawekwe juu wakati wa kupaa na kutua, jambo linalokuacha bila chupa saa ile unayoihitaji.

Vitu vya kuchezea vimemalizika saa ya kwanza

Chanzo ni kuvitoa vyote kwa pamoja. Mtoto wa umri huu hukaa na kitu kimoja dakika chache tu, na akiona rundo hachezi na chochote. Toa kimoja, kicheze mpaka kichoke, kirudishe mfukoni, ndipo utoe kingine. Kilichorudishwa kitakuwa kipya tena baada ya saa moja. Na usitumie vile bora mkiwa bado ardhini. Pale dirisha, magari ya mizigo na watu wanaopita vinatosha.

Vinavyodumu ni vile vinavyompa mkono kazi: vibandiko vya kubandua na kubandika, mkanda wa karatasi wa kuvuta juu ya meza, vikombe vya kupachikana, kitabu chenye milango ya kufungua. Vyenye mlio viacheni. Vyenye vipande vidogo vitaingia chini ya viti na kuzaa kilio kipya, mbali na hatari ya kumezwa.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele yake, na wa miaka 2 asizidi saa moja kwa siku. Naheshimu ushauri huo nyumbani. Kwenye safari ya saa nane, mzazi akitumia vipindi viwili vitatu vifupi vilivyopakuliwa kabla, simlaumu hata kidogo. Iwe akiba ya mwishoni, muda ambao wote mmechoka. Hedifoni mzoeze nyumbani, na sauti iwekwe chini, kwani kelele za kabini humfanya mtu aipandishe bila kujua.

Anakataa choo, au analia akisikia maji yakivutwa

Choo cha ndege huvuta kwa hewa, kwa mlipuko wa sauti unaoshtua hata mtu mzima. Mtoe mtoto nje kwanza, au funga kifuniko umzibe masikio, ndipo ubonyeze. Si kila choo kina meza ya kubadilishia nepi. Muulize mhudumu ni kipi. Ingia na nepi moja, vitambaa na mfuko mdogo tu, maana begi zima halitapata pa kukaa. Mtoto ambaye ndiyo kwanza ameacha nepi avikwe tena kwa siku hiyo, kwani ishara ya mikanda inaweza kukaa ikiwaka muda mrefu, na hilo si kosa lake.

Umejaribu yote na bado analia

Acha kujaribu. Mbebe, mkumbatie, pumua taratibu, simama naye nyuma ya ndege kama ishara imezimwa. Mwombe jirani radhi mara moja kwa moyo wote, kisha rudisha macho yako kwa mtoto. Yeye ndiye mwenye shida kubwa zaidi katika safu hiyo.

Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu bila kusita iwapo mtoto anapumua kwa shida, midomo inageuka rangi ya bluu, uso unavimba baada ya kula, analegea na haitikii, au anatapika mfululizo. Wahudumu wamefunzwa huduma ya kwanza na wana oksijeni.

Mmeshatua, lakini bado hajatulia

Sikio likiendelea kumsumbua kesho yake, likitoa majimaji, au homa ikipanda, daktari amwone. Asipokuwa na dalili hizo na tatizo ni kuamka saa nane za usiku akitaka kucheza, sababu ni tofauti ya majira: mwili hurekebika kwa takriban saa moja kila siku, kwa hiyo tofauti ikiwa ya saa sita, tarajia karibu wiki. Mtoe nje kwenye mwanga wa mchana, milo ifuate saa za mahali mlipofika, na usiku akiamka mpe maji, mkae naye gizani bila taa wala simu mpaka usingizi urudi.